Kisiwa Kilichopisha Ndege



Juma lililopita binti yangu, ambaye yuko darasa la sita, aliniletea atlasi ya shule jikoni, akaweka kidole chake juu ya Dar es Salaam. Kisha akakiburura kidole kile kuelekea mashariki, akaiacha Unguja upande wa kushoto, akavuka buluu tupu ya Bahari ya Hindi, mpaka akafika kwenye kitone kidogo mfano wa punje ya ulezi. Akaniuliza, "Mama, hapa wanaishi nani?"

Nilitaka kumjibu upesi nirudi kwenye chungu changu, nikashindwa. Kama ningemwambia kwamba hapo hakuna mtu, ningesema uongo, kwani wapo askari na wafanyakazi wengi. Kama ningemwambia kwamba watu wapo, huo nao ungekuwa uongo wa namna nyingine, kwani wenyewe hawapo. Ikanibidi nikae kitako, nimsimulie tangu mwanzo. Leo nawasimulia nanyi, wazazi wenzangu, kwa sababu naamini swali hili litaulizwa katika nyumba nyingi, na ni vema majibu yawe tayari.

KITONE CHA MASHARIKI

Kitone kile kinaitwa Diego Garcia. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Chagos, lenye visiwa vidogo visivyopungua hamsini. Kiko karibu usawa ule ule wa Dar es Salaam, nyuzi saba na kidogo kusini ya Ikweta. Nahodha atakayetweka tanga bandarini kwetu akaelekeza omo mashariki, akipinda kidogo tu kusini, atakifikia baada ya kilomita zipatazo 3,600. Umbo lake ni kama pete iliyokatika upande mmoja: ukanda mwembamba wa matumbawe na mchanga, umeizunguka bahari ya ndani yenye kina na utulivu. Nchi kavu yake ni kiasi cha kilomita za mraba 30. Mwenye miguu mizuri anaweza kuona bahari ya nje na bahari ya ndani kwa matembezi ya dakika chache.

Jina huhusishwa na mabaharia wa Kireno, lakini Wareno hawakukaa. Visiwa vilibaki bila watu mpaka mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa waliokuwa wakiitawala Mauritius walipokuja kupanda minazi. Wapandaji halisi, bila shaka unakisia, hawakuwa Wafaransa. Walikuwa watumwa walioletwa kutoka Msumbiji na Madagaska. Kwa hiyo hadithi hii ya mbali si ya mbali sana. Mababu wa watu wa Chagos waliondoka katika pwani hii hii tunayoijua, wamefungwa minyororo.

Mwaka 1814, baada ya vita vya Ulaya, Mauritius na visiwa vilivyokuwa chini yake vilipewa Waingereza kwa mkataba wa Paris. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1835, waliokuwa watumwa walibaki wakifanya kazi katika mashamba yale yale, wakaongezewa vibarua kutoka India. Wakaoana, wakazaa, wakazikana. Wakawa na lugha yao ya Krioli, kanisa lao, ngoma yao ya Jumamosi usiku, na makaburi ya wazee wao.

Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa pepo. Kampuni ndiyo iliyokuwa bwana wa kila kitu. Watu walifua nazi, wakakausha mbata, wakakamua mafuta, na malipo yao yalikuwa fedha kidogo pamoja na posho ya mchele, unga na mafuta. Lakini kila familia ilikuwa na nyumba yake, bustani yake, kuku wake, na samaki walikuwa mbele ya mlango. Wazee wa Chagos walipoulizwa baadaye, walisema neno moja ambalo kila mama atalielewa: huko hakuna mtoto aliyelala na njaa.

VITA VILIPOPITA MLANGONI

Mara mbili katika karne iliyopita vita vya wakubwa vilipita katika kisiwa kile. Oktoba 1914 manowari ya Ujerumani iitwayo Emden ilitia nanga hapo ili kupakia makaa ya mawe na kukwangua magamba ya ubavuni. Ilikuwa ikiwindwa na Waingereza bahari nzima, kama ilivyokuwa ikiwindwa manowari mwenzake, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Lakini watu wa Diego Garcia hawakuwa na habari. Meli ya kuwaletea barua na chakula ilikuwa haijafika, nao hawakujua kwamba Vita Kuu imeanza. Wajerumani walipokewa kama wageni, wakawatengenezea wenyeji motaboti iliyoharibika, wakapewa vyakula, wakaenda zao. Mwezi uliofuata manowari ile iliangamizwa.

Mara ya pili ilikuwa Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1942 Waingereza waliweka hapo ndege za kutua majini, zilizopeleleza nyambizi za Wajerumani na Wajapani. Ndege moja ya aina ya Catalina ilitupwa pwani na tufani mwaka 1944, na mabaki yake yakabaki mchangani. Vita vilipokwisha askari walifunga mizigo yao wakaondoka mwaka 1946, na watu wakarudi kwenye nazi zao. Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji: kituo cha ndege kiliwahi kuwako katika kisiwa kile, na wenyeji waliendelea kukaa humo humo. Halikuwa jambo lisilowezekana.

WAZO LA KUTAFUTA VISIWA VITUPU

Mwishoni mwa miaka ya 1950 makoloni ya Asia na Afrika yalikuwa yakijitawala moja baada ya jingine. Katika ofisi za Jeshi la Majini la Marekani alikuwako mpangaji mmoja jina lake Stuart Barber. Yeye aliona kwamba nchi zinazojitawala zitachoka kuwa na askari wa kigeni, zitawaambia waondoke. Hakukosea. Libya iliwaondosha Wamarekani katika kituo kikubwa cha ndege cha Wheelus, karibu na Tripoli, mwaka 1970. Hata Unguja, kituo cha Wamarekani cha kufuatia vyombo vya angani, ambacho hakikuwa cha kijeshi, kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Shauri la Barber lilikuwa hili: vitafutwe visiwa vidogo, vilivyo mbali na bara, vyenye watu wachache, vitengwe mapema kabla uhuru haujavifikia. Alipozitazama ramani, jicho lake likatua Diego Garcia. Kisiwa kiko katikati ya bahari, si mbali sana na Arabuni, India na Afrika. Kina bahari ya ndani inayoweza kuficha meli kubwa, na ukanda wa ardhi ulionyooka vya kutosha kwa njia ya kurukia ndege.

Kisiwa cha pili kilichotazamwa ni Aldabra, katika Seychelles, ambacho kiko yapata kilomita 600 na ushei tu kutoka pwani yetu. Huko Waingereza walitaka kujenga uwanja wa ndege za kivita. Lakini Aldabra ina kobe wakubwa kwa maelfu mengi, na ndege adimu wa porini. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipopata habari walipiga kelele magazetini na bungeni. Mwaka 1967, kwa sababu ya kelele hizo na kwa sababu ya upungufu wa fedha, mpango ule uliachwa. Kobe walipata mawakili wenye sauti. Watu wa Chagos, wasiojua hata kwamba wanajadiliwa, hawakuwa na wakili.

BIASHARA YA LONDON

Septemba 1965 viongozi wa Mauritius walikuwa London wakizungumzia uhuru wa nchi yao. Tarehe 23 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alikutana faraghani na Seewoosagur Ramgoolam, kiongozi wa ujumbe ule. Waraka aliotayarishiwa Wilson siku hiyo, ambao miaka mingi baadaye ulisomwa mahakamani, ulimshauri amtie mgeni wake hofu kwa njia ya matumaini: atumaini kwamba atapewa uhuru, na aogope kwamba huenda asiupate asipokuwa mwelewa katika suala la Chagos. Ramgoolam alikubali. Mauritius ililipwa paundi milioni 3.

Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza iliikata Chagos kutoka Mauritius, ikaviunganisha visiwa vyake na Aldabra na vingine viwili vya Seychelles, ikaunda koloni jipya, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikiyafungua makoloni ya zamani. Umoja wa Mataifa, ambao tangu mwaka 1960 ulikwisha tangaza kwamba koloni lisikatwekatwe kabla ya kupata uhuru, uliionya Uingereza mwezi uliofuata. Onyo halikusikilizwa. Tarehe 30 Desemba 1966 Uingereza na Marekani zilitiliana sahihi: Marekani itumie visiwa kwa miaka 50, na nyongeza ya 20. Hadharani hapakutajwa kodi. Kwa siri, Marekani iliisamehe Uingereza dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris. Hivyo ndivyo kisiwa cha watu kilivyonunuliwa.

Likabaki tatizo moja, nalo ni watu. Wakikubaliwa kuwa wenyeji, sheria za Umoja wa Mataifa zingeitaka Uingereza itoe habari zao na kulinda haki zao. Kwa hiyo maofisa wakaamua kuandika kwamba wenyeji hawako, bali wako vibarua wa mkataba waliotoka kwingine. Katika barua zao za ndani za mwaka 1966 waliandikiana kwa kejeli kwamba mwenyeji pekee atakuwa ni shakwe, na kwamba wanaobaki ni akina Tarzan wachache ambao asili yao haijulikani. Watu hao, ndugu msomaji, wengi wao walikuwa wamezaliwa hapo, na baba zao hapo, na babu zao hapo. Kalamu iliwafanya wageni katika usiku mmoja.

MLANGO UNAFUNGWA

Hawakuondoshwa kwa mtutu wa bunduki siku moja. Ilianza kimyakimya. Waliokwenda Mauritius kwa matibabu au kutembelea jamaa, walipofika bandarini Port Louis kutafuta meli ya kurudi, waliambiwa kisiwa kimeuzwa, hakuna kurudi. Mama mmoja wa kisiwa cha Peros Banhos alikwenda mwaka 1968 na mumewe na watoto, kwa sababu binti yao mdogo alikuwa ameumizwa mguu na gurudumu la mkokoteni. Binti alifariki. Walipotaka kurudi nyumbani na msiba wao, wakaambiwa maneno yale yale. Waliacha nyumba, vyombo na mifugo, wakabaki na mavazi waliyosafiri nayo. Mtoto wao wa kiume, Olivier Bancoult, alikuwa na miaka minne. Tafadhali lihifadhi jina hilo, tutarudi kwake.

Waliobaki visiwani waliona meli za chakula zikipungua. Januari 1971 ofisa aliwakusanya watu wa Diego Garcia akawaambia kisiwa kitafungwa. Machi wahandisi wa Jeshi la Majini la Marekani wakateremsha matingatinga. Aprili ikapitishwa sheria kwamba mtu asiye na kibali haruhusiwi kuwamo visiwani, yaani mtu alihitaji kibali ili kulala katika nyumba aliyozaliwa.

Kisha wakaja mbwa. Familia za kule zilipenda mbwa, ambao wengine waliwasaidia kuvua. Ikatoka amri kwamba mbwa wote wauawe. Risasi na sumu hazikutosha. Mwishowe mbwa wapatao elfu moja walifungiwa katika banda la kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi wa magari. Watoto walisikia. Je, kulihitajika kuwatisha wazazi kwa maneno? Haikuhitajika. Kila mzazi aliona nini kinaweza kufanywa na wenye nguvu.

Walipakiwa katika meli ndogo iitwayo Nordvaer. Kila mtu aliruhusiwa mzigo kidogo. Farasi wa kampuni walipewa nafasi juu ya sitaha, nao watu wakajazana penye nafasi, wengine chini katika ngama pamoja na shehena. Mwisho wa mwaka 1971 Diego Garcia ilikuwa tupu. Kisiwa cha Salomon kilifuata mwaka 1972, na Mei 1973 meli ya mwisho iliondoka Peros Banhos. Jumla ya walioondolewa au kuzuiwa kurudi ni kati ya watu 1,500 na 2,000. Punda waliokuwa wakizungusha vinu vya mafuta waliachwa, wakaendelea kuzurura kisiwani kwa miaka mingi. Punda hawakuwa na kosa.

Msemo wetu wasema: Mwenye nguvu mpishe. Watu wa Chagos walimpisha. Lakini mpishaji huwa na pahali pa kusimama. Wao waliachwa gatini.

KIWANJA CHENYEWE

Tukitazame sasa kile kilichoondolewa watu kwa ajili yake. Bunge la Marekani liliombwa fedha kwa ajili ya kituo kidogo tu cha mawasiliano, nacho kilianza kazi mwaka 1973. Lakini kituo kidogo hakikukaa udogoni. Matumbawe yalipasuliwa na kusagwa, na njia ya kurukia ndege ikajengwa, ikarefushwa, mpaka ikafika mita 3,650 na zaidi. Bahari ya ndani ilichimbwa ili meli kubwa ziingie.

Mwaka 1979 ulileta mambo mawili: mapinduzi ya Iran na kuingia kwa majeshi ya Urusi katika Afghanistan. Marekani ikamimina fedha Diego Garcia. Kuanzia mwaka 1980 meli zilizosheheni vifaru, risasi, mafuta na maji zilitia nanga humo, zikingoja vita popote vitakapotokea. Mwaka 1991 ndege za B-52 ziliruka kutoka hapo kwenda kupiga Iraq. Mwaka 2001 zilikwenda Afghanistan, na mwaka 2003 zikarudia Iraq. Mwaka 2008 Serikali ya Uingereza, baada ya kukanusha kwa miaka, ililiambia Bunge lake kwamba ndege mbili za Marekani zilizobeba wafungwa wa siri zilitua hapo mwaka 2002. Hata mwaka 2025 ndege za B-2, zile zenye umbo la popo, zilipangwa katika kiwanja kile wakati wa mvutano wa Yemen na Iran.

Kazi za upishi, usafi na ufundi zikapewa watu walioletwa kutoka mbali, wengi wao kutoka Ufilipino. Kwa muda mrefu mtu wa Chagos hakukubaliwa hata kufagia kisiwa chake.

Na hapa pana jambo linalotuhusu. Desemba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba Bahari ya Hindi iwe eneo la amani, lisilo na vituo vya kijeshi vya mataifa makubwa. Shauri lililetwa na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Tanzania ilisimama nayo. Ni katika mwaka ule ule Nordvaer ilipokuwa ikipakia watu.

AKINA MAMA WA PORT LOUIS

Katika Mauritius hawakupokewa kwa nyumba wala kazi. Walijibanza katika vitongoji vya makopo vya Port Louis. Waliokuwa mabingwa wa minazi hawakuwa na soko la ujuzi wao, maana huko kazi ilikuwa miwa. Wakachekwa kwa lafudhi yao. Wengi walikufa mapema, na jamaa zao wakasema wamekufa kwa neno la Krioli ambalo Kiswahili kina ndugu yake: kihoro. Uingereza ilitoa paundi 650,000 mwaka 1972. Fedha hizo ziliwafikia wenyewe yapata miaka mitano baadaye, zikiwa zimekwisha liwa na kupanda kwa bei.

Waliosimama kwanza walikuwa wanawake. Lisette Talate na Charlesia Alexis, akina mama wasio na elimu ya darasani, waliwaongoza wenzao barabarani, wakafunga kula, wakakamatwa, wakawekwa ndani, wakatoka wakaanza upya. Mwaka 1982 Uingereza ilikubali kutoa paundi milioni 4. Lakini waliopokea waliwekewa karatasi ya Kiingereza, wakapiga dole gumba. Baadaye wakaambiwa kwamba kwa dole lile wameacha haki ya kurudi nyumbani. Wazazi wenzangu, nani kati yetu hana mzee nyumbani aliyewahi kutia dole asipopajua? Tuwasomee wazee wetu karatasi zao kabla hawajanyoosha kidole.

Yule mtoto wa miaka minne akakua, akawa fundi umeme, na mwaka 1983 akashirikiana na akina mama hao kuunda chama cha wakimbizi wa Chagos. Novemba 2000 Olivier Bancoult aliishinda Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Majaji walisema sheria ile ya mwaka 1971 haikuwa halali. Furaha ilikuwa fupi. Mwaka 2004 Serikali ilitumia amri za Malkia, bila kupitia Bungeni, kuwazuia tena. Wakashinda mara mbili zaidi, na mwaka 2008 wakashindwa katika rufani ya mwisho kwa sauti tatu dhidi ya mbili. Katikati ya mashauri hayo, mwaka 2006, watu wapatao mia moja waliruhusiwa kuzuru visiwa kwa siku chache, wakafagia makaburi ya wazee wao, wakaondolewa tena.

MAHAKAMA YA DUNIA

Mauritius ilipeleka shauri mbele. Mwaka 2017 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, itoe maoni yake. Umoja wa Afrika ulisimama upande wa Mauritius. Septemba 2018 majaji walitazama picha ya mama mmoja, Liseby Elysé, aliyezaliwa Peros Banhos. Kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, ushahidi wake ulirekodiwa. Alieleza kwamba alipakiwa Nordvaer mwaka 1973 akiwa mja mzito, kwamba walisafiri siku nne kama wanyama na watumwa, na kwamba mtoto wake hakuishi. Akauliza kwa nini yeye ang'olewe mahali alipozaliwa.

Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama, chini ya Rais wake Abdulqawi Ahmed Yusuf, mwana wa Somalia, ilitoa maoni yake. Majaji 13 dhidi ya mmoja walisema kwamba Mauritius haikupata uhuru kamili mwaka 1968, na kwamba Uingereza ina wajibu wa kuviachia visiwa upesi iwezekanavyo. Mei ya mwaka huo Baraza Kuu likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6.

Tarehe 22 Mei 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, na wa Mauritius, Navin Ramgoolam, walitia sahihi mkataba. Huyu Ramgoolam ni mtoto wa yule wa mwaka 1965. Mkataba unaitambua Mauritius kuwa mwenye Chagos yote. Lakini Uingereza inabaki na kituo cha Diego Garcia kwa kodi ya miaka 99, kwa wastani wa paundi milioni 101 kwa mwaka. Umetajwa mfuko wa paundi milioni 40 kwa watu wa Chagos, na Mauritius inaruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vingine. Katika Diego Garcia yenyewe, hapana.

Kutiwa sahihi hakukumaliza mabishano. Asubuhi ile ile wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walipata amri ya mahakama kusimamisha shughuli, ikafutwa baada ya saa chache. Wenzao wengi wanaoishi Uingereza, hasa katika mji wa Crawley, walisema: mwaka 1965 tuliuzwa bila kuulizwa, na mwaka 2025 tumerudishwa bila kuulizwa. Wengine, akiwemo Bancoult, waliupokea mkataba kama mlango uliofunguka nusu baada ya nusu karne. Sitawahukumu hawa wala wale. Aliyefungiwa nje ndiye anayejua uzito wa mlango.

Hayo ndiyo niliyomsimulia binti yangu, kwa maneno mepesi zaidi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wakwezi wale walikuwa na shule. Nikamwambia walikuwa nayo. Akauliza kama bado ipo. Nikamwambia kwamba kwa miaka zaidi ya hamsini haijaingia mtoto. Akachukua penseli, akaandika pembeni ya kile kitone, kwa herufi ndogo, "Wenyewe wako Port Louis." Atlasi ni mali ya shule, na kwa desturi ningemgombeza. Safari hii nilimwachia.

Nawasihi, akina baba na akina mama, jioni moja ya juma hili mkae na watoto mbele ya ramani. Waulizeni: Kituo kiliwezaje kukaa pamoja na watu mwaka 1942, kisha kisiweze mwaka 1971? Kwa nini kobe walisikilizwa? Nani katika ukoo wetu aliwahi kuhamishwa, na nani aliulizwa? Msiwape majibu upesi. Waacheni wayatafute. Nyumbani ni nyumbani, ingawa ni pangoni, na mtoto aliyelielewa hilo kwa ajili ya watu wa mbali hatakuwa mtu mzima anayewafungia wenziwe mlango.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.